Msalaba Uliovaa Chokaa

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, mwezi wa Mei, Thomasin Yeandle aligundua kwamba amempeleka baba yake jela, mkononi akiwa na kipande cha mkate ambacho hakukimaliza.

Kwa siku mbili mawingu yalikuwa yamelifunika bonde la Brendlecombe kama kifuniko cha chungu. Asubuhi hiyo yakaachana kidogo, jua likachungulia juu ya ukuta wa makaburi na kuangaza uso wa saa mpya ya jua iliyosimama mbele ya kanisa. Kivuli cha kijiti chake, ambacho hadi juzi kilikuwa jino la uma wa kukusanyia nyasi, kikaangukia namba. Thomasin akaisoma ile namba. Akaisoma tena. Kisha akaisoma akiwa ameinamisha kichwa upande, maana wapo watu wanaoamini kwamba kosa likitazamwa kiupandeupande hupungua.

Saa ilikuwa inasema saa kumi alasiri.

"Baba," aliita. "Hebu njoo. Ila njoo bila kukasirika."

Ambrose Yeandle, fundi wa chokaa na msimamizi wa mali za kanisa, akaja huku akifunga mkanda. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye shingo iliyopinda kwa miaka mingi ya kupaka dari za watu. Akatazama. Jua likajificha tena, lakini lilikuwa limeshasema lililotaka kusema.

"Kumi?" akauliza.

"Kumi."

"Labda jua ndilo limekosea."

"Baba!"

"Nimesema labda."

Kosa lenyewe lilikuwa rahisi, kama yalivyo makosa makubwa yote. Thomasin ndiye aliyeziandika namba, kwa sababu katika nyumba ya Yeandle ni yeye mwenye mkono mzuri. Hakuwahi kutengeneza saa ya jua, lakini mara mbili maishani mwake alikuwa ameiona saa ya mnara kule mjini, mshale wake ukizunguka kwa madaha, naye akaipenda, akaiiga. Kumbe kivuli cha jua kina ukaidi wake: mshale wa saa ukienda huku, chenyewe huenda kule. Kwa hiyo namba zilikuwa zimekaa kinyume. Asubuhi ilisomeka alasiri, na alasiri ingesomeka asubuhi. Saa nne ingesema nane, saa tano ingesema saba. Ni adhuhuri tu, saa sita kamili, kivuli kinaponing'inia wima, ndipo saa ya Brendlecombe iliposema kweli, kama mlevi anayepita mbele ya nyumba yake kabla ya kupotea tena.

Si dhambi kijiji kuwa na saa mbovu. Ubaya ni kwamba saa hii haikuwa saa. Ilikuwa msalaba.

Ulikuwa umesimama pale kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote: ngazi nne za mawe, nguzo nyembamba iliyomzidi kidogo mtu mrefu, na juu kabisa kichwa cha jiwe kilichochongwa pande zote. Upande wa kusini alikaa Mama Mtakatifu na Mtoto, mtandio wake ukiwa bado na rangi ya buluu iliyofifia. Katika kijiji hicho jeneza halipiti moja kwa moja kwenda kaburini. Hutuliwa kwanza kwenye ngazi ya pili ya msalaba, watu wapumue, marehemu naye aagwe. Jeneza la mama yake Thomasin lilituliwa hapo majira ya baridi yaliyopita.

Kisha Bunge likaamuru misalaba yote ya mawe ibomolewe, likidai ni ibada ya sanamu, na Bwana Obadiah Crake akapewa orodha, farasi, na watu wenye nyundo. Ambrose akamwandikia barua. Aliapa, kwa mkono wake na jina la Mungu, kwamba msalaba wa Brendlecombe haupo tena, na kwamba nguzo iliyobaki ni saa ya jua ambayo kwayo kijiji kizima huamka, hula na kulala. Ndipo baba na binti wakakizungushia kichwa cha msalaba fito, wakakandika chokaa mpaka Mama na Mtoto wakapotea ndani ya kitu chenye umbo la sanduku, wakachomeka jino la uma, wakaandika namba kwa rangi nyekundu. Kijiji jirani msimamizi wao aliapa uongo kama huo. Alipelekwa jela wakati wa theluji, na alirudi kwenye mkokoteni, amefunikwa gunia.

"Tuzifute," alisema Ambrose.

"Hazifutiki. Si uliniambia nipake chokaa ikiwa mbichi, ili rangi izame? Basi imezama. Ukikwangua rangi, lipu inakuja nayo. Na lipu ikija, unakutana na pua ya Mama."

"Tupake nyingine juu yake."

"Itakauka keshokutwa. Crake anakuja lini?"

Jibu lilitoka juu ya ukuta. Bibi Petronel Sweet, mjane ambaye nyumba yake ilipakana na makaburi, na ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kukosa habari ya mtu yeyote, alikuwa ameshatoa kichwa.

"Yuko kwenye daraja la kinu!" alisema. "Yeye na jitu moja lenye nyundo. Na farasi wake anampanda kwa kusimama, sijui anaona haya kukaa. Ambrose, mbona umekuwa mweupe kuliko kazi yako?"

Thomasin akamweleza kwa maneno kumi. Bibi Sweet akafikiri kwa muda wa kukuna kidevu.

"Basi ombeni mawingu," akasema.

"Mawingu ya aina gani?" akauliza Ambrose. "Yakiwa mepesi, jua litatoka. Yakiwa mazito, mvua itanyesha, na hiyo chokaa ina siku mbili tu. Itamwagika kama uji."

Wote watatu wakatazama juu. Si kawaida watu wa Brendlecombe kumwomba Mungu hali ya hewa ya katikati, lakini siku hiyo waliomba.

"Saa sita," alisema Thomasin. "Saa sita ni sahihi. Tumzungushe mpaka saa sita, aione, aandike, aondoke."

"Na tutajuaje ni saa sita?" Bibi Sweet akacheka. "Kwa saa yako?"

"Kwa baraza," alisema Ambrose polepole. "Ukuta wa magharibi wa baraza la kanisa huwa kivulini asubuhi yote. Adhuhuri ikifika, jua linaugusa. Nimeupaka chokaa mara sita, naufahamu. Nitasimama pale. Ukiguswa, nitapiga chafya."

* * *

Bwana Crake aliingia uwanjani kama saa mbili na nusu, chini ya wingu la majivu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia nyeusi na uso kama barua iliyokunjwa, naye kweli alikuwa amesimama juu ya vikanyagio vya tandiko. Nyuma yake alitembea Jabez Gubb, mwenye mabega ya ng'ombe, nyundo begani.

"Jipu," Gubb alimnong'oneza Thomasin alipokuwa akifunga farasi, kabla hata ya salamu. "Liko mahali ambapo Mwenyezi Mungu alikusudia tukalie. Wiki ya tatu hii. Usimkaribishe kiti, dada yangu, atadhani unamtukana."

Thomasin akauma shavu kwa ndani. Kwa heshima zote zinazostahili jipu la afisa wa serikali, ilikuwa habari njema kuliko zote za asubuhi hiyo, na aliihifadhi moyoni.

Crake akashuka kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai, akaizunguka nguzo mara mbili.

"Msimamizi Yeandle. Uliniandikia kwamba hii ni saa."

"Ndiyo, Bwana."

"Inafanana sana na msalaba uliovaa sanduku."

"Watu wengi hufanana na ndugu zao, Bwana," alisema Thomasin.

"Binti yako ana mdomo."

"Aliupata kwa mama yake, Bwana. Mimi nilichangia urefu."

Crake hakutabasamu. Akatoa mfukoni saa ndogo ya shaba, yenye umbo la yai, akaitikisa karibu na sikio. "Hii ilisimama jana usiku. Nilisahau kuitia ufunguo. Sasa tutafanya mambo mawili kwa mara moja. Jua litatoka, saa yenu itanipa majira, nami nitarekebisha ya kwangu. Ikisema kweli, ni saa, na nitaandika hivyo. Isiposema kweli," akamwelekeza Gubb kidole, "basi ni sanduku. Na Gubb hupenda kujua kilichomo ndani ya masanduku."

"Ni udhaifu wangu tangu utotoni," alisema Gubb.

"Hakuna jua, Bwana," alisema Ambrose. Sauti yake ilikuwa kavu kama fito.

"Nitasubiri. Aliyeliumba hajapata kulisahau."

Wakasubiri. Bibi Sweet alileta pai ya nyama ya nguruwe, jibini, na mtungi wa pombe ya matufaha, akavipanga juu ya kaburi la marehemu mumewe, akisema mzee hana kinyongo. Gubb alikula kwa ajili ya watu watatu. Crake alikula amesimama. Thomasin alikuwa akitazama mbingu kama mdeni anavyoutazama mlango.

Saa nne ilipokaribia, wingu likachanika.

Aliona mwanga ukitambaa kwenye nyasi, kaburi kwa kaburi, ukija taratibu upande wao. Crake aliuona pia. Akafuta makombo mdomoni, akageuka kuelekea nguzo. Mwanga ulifika kwenye ngazi ya kwanza ya mawe. Kivuli kikigusa zile namba kitasema saa nane mchana, na hata mtoto wa miaka minne anajua kwamba kifungua kinywa hakiliwi saa nane mchana.

Ngazi ya kupakia chokaa ilikuwa bado imeegemezwa kwenye nguzo, upande wa kusini. Thomasin akaikimbilia, akapanda, akatandaza sketi yake na mabega yake na kila alichojaliwa kati ya jua na uso wa saa.

"Unafanya nini huko?" aliuliza Crake.

"Mavi ya njiwa, Bwana!" akavuta aproni, akaanza kufuta kwa juhudi hewa iliyokuwa mbele ya namba, maana chokaa yenyewe hakuthubutu kuigusa. "Ni aibu. Bwana mkubwa kama wewe usomee majira kwenye mavi!"

"Shuka. Nitasoma hivyo hivyo."

"Yapo juu ya namba yenyewe, Bwana. Unaweza kudhani ni saa tano kumbe ni njiwa."

"Sioni njiwa yeyote hapa," alisema Gubb huku akitafuna.

"Wanajua kujificha," alisema Bibi Sweet. "Njiwa wa hapa ni washenzi."

"Binti," alisema Crake, na safari hii sauti yake ilishuka chini, ikapata makali. "Shuka."

Thomasin akaweka mguu mmoja kwenye kidaraja cha chini. Akauweka wa pili, polepole kama bibi kizee anayeingia mtoni. Nusu ya uso wa saa ikapata mwanga. Alikiona kivuli cha kijiti kikianza kuota, chembamba, chekundu kwa rangi iliyokuwa chini yake. Akafumba macho.

Mwanga ukazimika. Wingu jingine lilikuwa limepita, na hili lilikuwa jeusi, limetoka magharibi na tumbo lake limejaa. Tone moja likamwangukia Thomasin mgongoni mwa mkono. La pili likaangukia juu ya sanduku la chokaa, likaacha alama kama chozi.

Kule barazani, Ambrose alikuwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili.

Wingu likaning'inia juu yao kwa muda ambao Thomasin hakuweza kuupima, kwa kuwa hapakuwa na saa. Halafu upepo ukalisukuma likapita upande wa kinu, na tone la tatu halikuja.

"Kijiji chenu," alisema Crake, "kina hali ya hewa isiyojua inachotaka."

* * *

Mara ya pili jua lilipotoka, adhuhuri ikikaribia, lilitoka kwa nguvu, na Thomasin alikuwa juu ya ngazi kabla halijaifikia nguzo.

"Wamerudi?" aliuliza Crake.

"Walewale, Bwana. Nawajua kwa sura."

"Gubb. Mshushe."

Gubb akaweka nyundo chini, akaishika ngazi, akaitikisa kidogo kama mtu anayetikisa mti wa matunda. "Dada yangu," alisema kwa upole, "mimi nina watoto wanne na bwana mwenye jipu. Shuka, nakuomba."

Thomasin akatazama barazani. Ukuta wa magharibi ulikuwa bado kijivu. Baba yake alisimama na shavu karibu na mawe, jicho moja limefumbwa, kama fundi anayeangalia unyoofu wa ubao.

"Nina kizunguzungu," alisema Thomasin.

"Nitakudaka."

"Nitakuangukia."

"Nimeangukiwa na minara miwili mwaka huu. Shuka."

Ngazi ikatikisika tena, kwa nguvu zaidi. Kiwiko cha Thomasin kikagusa ukingo wa sanduku, na kipande cha lipu kikubwa kama ukucha kikadondoka, kikapotelea kwenye nyasi. Chini yake alimsikia Crake akizikaribia ngazi za mawe, hatua kwa hatua.

Ndipo Ambrose Yeandle alipopiga chafya. Ilikuwa chafya ya mtu aliyeitunza asubuhi nzima, na kunguru wakaruka kutoka mnarani.

Thomasin alishuka kwa haraka kiasi kwamba Gubb alikaribia kuanguka yeye.

Kivuli kilikuwa kimesimama wima, kimenyooka kama uzi wa fundi, juu ya saa sita.

Crake alitazama kwa muda mrefu. Alitazama jua, akatazama kivuli chake mwenyewe chini, kifupi, kimeelekea kaskazini kwenye mlango wa kanisa. Akaitia saa yake ufunguo, akaisogeza mishale mpaka saa sita, akaisikiliza ikianza kugonga. Uso wake uliokunjwa ukakunjuka kidogo.

"Nakiri," alisema, "kwamba nilikudhania mwongo, Msimamizi."

Ambrose akainama kufuta chokaa kwenye kiatu chake.

"Utaandika sasa, Bwana?" aliuliza Thomasin. "Njia ya kurudi ni ndefu. Na mvua ile itarudi."

"Nitaandika. Lakini saa iliyosimama mara moja haiaminiki. Nitaiacha itembee nusu saa, kisha niilinganishe na yenu. Zikikubaliana, nitaondoka nikiwa na hakika ya zote mbili."

Bibi Sweet, juu ya ukuta, akatoa sauti kama kuku aliyekanyagwa.

Jua, ambalo asubuhi nzima lilikuwa na haya kama bibi harusi, sasa likakaa peupe katikati ya mbingu na halikutaka kutazama kando. Crake aliweka daftari lake juu ya ngazi ya tatu na kuandika akiwa amesimama, neno kwa neno, jina la kijiji, jina la msimamizi, hali ya nguzo. Thomasin alirudi kwenye ngazi yake ya kupandia. Gubb alikuwa ameshaiondoa na kuilaza chini, naye ameikalia. Thomasin alijaribu kuzirai, Bibi Sweet alimsaidia kwa kupiga kelele, Crake akasema mpeni maji, wala hakuinua kichwa. Ile saa ya shaba ilikuwa juu ya daftari, ikigonga.

Thomasin akaenda kusimama kando ya baba yake.

"Kimbia," alimwambia kwa sauti ya chini. "Pitia kwa Bibi Sweet, toka kwa nyuma. Nitasema ni mimi niliyefanya yote. Si ni kweli?"

"Uliandika namba. Kiapo ni changu." Akaushika mkono wake uliojaa chokaa kavu. "Mama yako alitua pale, Thomasin. Siwezi kumwacha na Gubb."

Crake akainua saa yake. Akatazama. Kisha akainua macho.

Mishale ya shaba ilisema saa sita na nusu. Kivuli kwenye nguzo kilisema saa tano na nusu.

Gubb aliinuka, akaiokota nyundo, akatema mate viganjani, bila chuki, kama mtu anayeitwa kula. Crake akainua mkono mmoja kumzuia.

"Subiri," alisema. "Kilikuwa sita."

"Kilikuwa sita, Bwana," alisema Gubb.

"Nilikiona mimi. Kwa macho yangu. Na sasa ni tano na nusu."

Akaikaribia nguzo. Hakuondoa macho juu ya ule mstari mwembamba mweusi, na wao wote wakasimama walipokuwa, kama mawe mengine ya pale. Kivuli kikasogea. Kikasogea kwa unyenyekevu wake, kama kilivyofanya kila siku tangu dunia iumbwe, kikipanda kutoka sita kuelekea tano. Ilichukua nusu saa nyingine. Kilipoigusa tano, saa ya Crake ilisema saba kamili, naye Crake alikuwa amevua kofia.

"Kinarudi nyuma," alisema.

Thomasin alifungua mdomo. Hakujua alitaka kusema nini, pengine njiwa. Lakini alimwona usoni, akanyamaza. Ule uso haukuwa wa mtu aliyemkamata mwongo.

"Yuko mfalme wa Yuda katika Maandiko," alisema Crake, kama anayezungumza na nguzo. "Aliugua jipu. Nabii akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, maana atakufa. Mfalme akageukia ukuta, akalia. Akapewa ishara. Kivuli kilirudi nyuma kwenye madaraja, na akaongezewa miaka kumi na mitano." Akaigeuza kofia mkononi. "Daktari aliniambia hili langu halitapasukia nje. Litapasukia ndani. Alinipa mpaka mavuno. Sijamwambia mtu. Gubb anadhani ni kichekesho."

Gubb akashusha nyundo mpaka chini, taratibu.

"Nimegeukia kuta za nyumba nyingi za wageni mwaka huu," alisema Crake. Kisha akageuka, akamtazama Thomasin moja kwa moja, na macho yake yalikuwa macho ya mtu mwenye akili sana. "Binti. Wewe unaishi hapa. Umewahi kukiona kivuli hiki kikirudi nyuma?"

Asubuhi yote Thomasin alikuwa amebeba kicheko cha lile jipu kama mtoto aliyeficha chura mfukoni. Alikitafuta sasa, hakukipata. Baba yake, kando yake, alikuwa amefumba macho.

"Hapana, Bwana," alisema. "Kabla ya leo, sijawahi."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliuma.

Crake akapiga goti. Alipiga goti kwenye ngazi ya pili, mahali pa majeneza, kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, yule aliyetumwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu katika wilaya yote atakayepiga goti mahali pale. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka aliandika mistari miwili katika daftari, akalifunga, akamwambia Gubb alete farasi.

Mvua ilianza mguu wake wa kwanza ulipoingia kwenye kikanyagio.

Haikunyesha kwa kuvizia. Ilimwagika. Thomasin aliikimbilia ngazi, akaiegemeza, lakini maji yalikuwa yameshaitafuta ile sehemu aliyoigonga kwa kiwiko. Lipu ikatokwa na jasho jeupe. Ikavimba. Kisha bamba zima la upande wa kushoto wa uso wa saa, chini ya namba za asubuhi zilizojifanya alasiri, likateleza na kupasukia kwenye ngazi za mawe.

Crake hakuwa ameketi juu ya tandiko. Hakuweza. Alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, na kwa hiyo uso wake ulikuwa sawasawa na kichwa cha msalaba. Katika lile tundu, nyuma ya fito, ulionekana ukingo wa mtandio wa buluu, na jicho moja la jiwe, limelowa, likimtazama kwa karibu kuliko mtu yeyote pale chini.

Walitazamana. Maji yalitiririka kwenye ukingo wa kofia yake.

"Bwana?" aliuliza Gubb kutoka upande wa pili, ambako hakuona kitu. Mkono wake ulikuwa juu ya nyundo. "Kuna nini?"

Ambrose alikuwa ameshanyoosha mikono yake mbele, viganja juu, kama mtu anayesubiri kufungwa kamba.

Crake alifungua kifungo cha joho lake, lile joho zito la safari lililopakwa mafuta, akalivua. Mvua ikampiga kwenye shati. Akamnyooshea Thomasin, aliyekuwa katikati ya ngazi.

"Chokaa yenu haijakomaa, Msimamizi," alisema. "Saa ya namna hii hailindwi kwa chokaa mbichi. Funika, binti. Nikijaliwa, nitarudi Mei ijayo, siku kama ya leo, na nataka kuikuta kama ilivyo." Akageuza farasi, kisha akasimama. "Kama ilivyo. Usibadilishe hata namba moja."

Akaenda, amesimama wima mvuani kama nguzo nyingine, na Gubb akimfuata huku akigeuka nyuma kila baada ya hatua tatu.

Thomasin alilitupa joho juu ya kichwa cha msalaba, akalikumbatia lisipeperuke. Maji yalimwingia shingoni. Chini, Ambrose alikuwa ameketi kwenye ngazi ya pili.

"Anajua?" aliuliza.

"Sijui, Baba."

"Kwa hiyo tutaishi kinyumenyume?"

"Mwaka mzima," alisema Bibi Sweet kutoka ukutani, maji yakimtiririka puani. "Mimi nishazoea. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo."

Kulikuwa na chokaa mbichi kidogo iliyobaki kwenye ndoo. Thomasin alichota kwa vidole viwili, akauingiza mkono chini ya joho mpaka kwenye tundu, akapapasa akalipata lile jicho, la baridi na laini. Lakini hakuliziba mpaka farasi alipokata kona ya kinu.